Dogo kaandika "brushtooth" na "ballfoot", kumbe alikuwa na sababu zake (uzi wa maneno ya kuunganisha)

Mleta uzi:

Wakuu habari za jumapili. Nna dogo wa miaka 6 yuko la kwanza hizi shule zetu za inglishi midiamu, wiki iliyopita karudi na homuweki ya yale maneno ya Kiingereza ambayo ni mawili yamegongwa misumari yakawa moja, tooth na brush, foot na ball, mnayajua. Kwenye karatasi kuna picha ya mswaki, mpira, tikiti, chini yake maneno yamevurugwa ayaunganishe mwenyewe. Kaandika kwa mwandiko wake ule wa kupanda mlima: brushtooth. ballfoot. melonwater. Yote kosa, kalamu nyekundu, chini kaandikiwa Revise basi, hakuna maelezo mengine.

Nlitaka kufoka maana nlijua alikuwa anawaza katuni, alafu nikajiuliza huyu mbona kakosea yote kwa staili moja? Mtu anayebahatisha si angepata hata moja kwa bahati mbaya. Nikamuuliza we umejuaje kama hii ni ballfoot, akaniangalia kama mimi ndo sijasoma, akasema "si mpira wa miguu baba? Mpira ni ball, miguu ni foot." Na hili tikiti? "Tikiti, melon. Maji, water."

Nikanyamaza kwanza. Dogo hajakosea kufikiri, amefikiri Kiswahili. Sisi tunaanza na kitu chenyewe alafu ndo tunasema ni cha aina gani, tikiti maji, mbwa mwitu, punda milia, supu ya kuku. Mzungu anaanza na maelezo, kitu chenyewe anakuja kukitaja mwisho. Miaka yote nimesoma mpaka chuo sikuwahi kuliona hilo, nlikuwa najua tu kwa mazoea.

Sasa nimwelezeje mtoto wa miaka 6? Nikamwambia Kiingereza kina bosi. Kwenye gari bosi anakaa wapi? Akasema nyuma, maana mjomba wake ni dereva wa bosi mmoja mjini na kila siku tunamuona anapita. Haya, kwenye neno la Kiingereza bosi anakaa siti ya nyuma. Toothbrush bosi ni nani? Brush. Kwahiyo ni brush, ya nini? Ya tooth. Na Kiswahili je? Akafikiri akasema "Kiswahili bosi anaendesha mwenyewe." Nlicheka mpaka mama yake akatoka jikoni.

Tukachukua boksi la sabuni tukakata vipande vya saizi ya karata, nikaandika kwa makapeni neno moja kila kipande, tukachora gari lina siti mbili kwenye sakafu kwa chaki, anapandisha maneno. Sun na flower, nani bosi? Akakimbia jikoni akaleta dumu la mafuta ya alizeti lina picha ya ua. Flower! Rain na coat, coat. Alafu nikamgeuzia, nikaweka fish mbele soup nyuma, ni nini? Supu. Nikabadilisha siti, soup mbele fish nyuma. Akakaa kimya akasema "samaki wa supu, bado hajapikwa". Hapo nikajua kaelewa kunishinda mimi.

Shida imekuja jana. Kakuta butterfly. Bosi ni fly, kwahiyo ni inzi, inzi wa siagi. Mimi nikasema hapana ni kipepeo, akasema basi bosi wako ni muongo. Kachora kopo la siagi lina mabawa liko ukutani hapa mpaka sahivi. Wenye uzoefu na wadogo nisaidieni, naendeleaje hapo, na kama kuna waalimu humu mtiririke. Nawasilisha.

Mchangiaji 1:

Miaka 6 mnamgombanisha na Kiingereza wakati shikamoo yenyewe mpaka asukumwe. Sawa tu.

Mleta uzi:

Mkuu shikamoo anatoa, tena na kwako ataitoa ukija. Turudi kwenye mada.

Ticha wa chekechea:

Mleta uzi hiyo ya siti ya nyuma naiba, kesho naingia nayo darasani na sikutaji.

Nimefundisha wadogo mwaka wa 11 huu, ngoja niseme kitu ambacho wazazi wengi wanakiruka. Msianze na kuandika. Anzeni na masikio. Mtoto ambaye hajui kusoma hata herufi anaweza kucheza huu mchezo mkiwa kwenye daladala. Unamwambia sema football. Football. Sema tena bila foot. Atahangaika siku mbili tatu alafu siku moja anatoa tu "ball" kama kawaida. Sema raincoat bila coat. Sema sunflower bila sun. Akiweza hivyo kwa mdomo, siku akiyaona kwenye karatasi anayakata mwenyewe, na hii ya kukata ndo inamsaidia baadae kusoma neno refu bila kuogopa.

Alafu kuna mtego nimeuona kwa watoto wetu. Vitabu vingi vinasema piga makofi kwa kila kipande. Mtoto wa Kiingereza akisema toothbrush anapiga makofi mawili, sawa. Mwambie mtoto wa hapa Mbagala, atasema tu-thi-bra-shi, makofi manne, na kwa sikio lake yuko sahihi kabisa maana Kiswahili hakipendi konsonanti zigongane bila irabu katikati. Ukimwambia amekosea unamchanganya bure. Na watermelon hata kwa Mzungu ni makofi manne wakati vipande ni viwili, kwahiyo makofi yanahesabu silabi, hayahesabu maneno. Mimi natumia ngumi. Ngumi ya kushoto "tooth", ngumi ya kulia "brush", gonganisha ngumi, "toothbrush". Ukitaka kutoa kimoja unaficha ngumi moja mgongoni. Wanapenda balaa, shida tu usikae nao karibu maana zile ngumi zinapotea njia.

Kuhusu butterfly subiri narudi, kengele hiyo.

Mama wa wawili:

Nacheka hapa peke yangu. Wa kwangu mkubwa alikuwa anasema teethbrush, anasema mama mimi nina meno mengi sio moja. Nikamjibu hivyo hivyo tu ndo wanavyosema. Ticha akirudi anijibu na mimi, mbona ni jino moja wakati tunapiga yote?

Na mdogo siku hizi ana ugonjwa wa kukata kila neno. Carpet ni car na pet, eti mnyama wa kufuga kwenye gari. Mushroom kasema ni chumba. Nimechoka.

Mchangiaji 4:

Mnazunguka sana. Sisi tulipewa listi ya maneno 50 tukakariri, bakora ipo mezani, na Kiingereza tunakijua. Mtoto hahitaji bosi wala gari, anahitaji kukariri.

Mleta uzi:

Mkuu listi hata mimi nlikariri, na ndo maana nimefika umri huu bila kujua kwanini ni watermelon sio melonwater. Nlikuwa najua majibu tu. Na ukipewa neno la 51 ambalo halikuwa kwenye listi unafanyaje?

Mchangiaji 4:

Namuuliza Google.

Mjomba wa Mtwapa:

Salaam ndugu zangu wa Bongo, mie niko huku pwani ya Kenya naufuata huu uzi tangu asubuhi. Mwanangu wa PP2, chekechea mwaka wa pili huku kwetu, yuaniuliza baba, starfish ni samaki? Sababu mwalimu kawaambia neno la mwisho ndilo lenye maana. Sasa mie nimevua tangu utoto, nikamwambia yule si samaki wallahi, hana mapezi, hana damu ya samaki, haliwi. Huku kwetu twamwita kiti cha pweza. Akafikiria akaniambia "kwani pweza hukaa juu yake?" Nikaona maskini lugha zote mbili zimenichongea.

Lakini lilinifungua macho kidogo. Nikamwambia waliompa jina lile walikuwa watu walioangalia umbo tu, Mzungu aliona nyota, babu zetu waliona kiti. Jina ni jina, si cheti cha kuzaliwa. Akaridhika akaenda zake kucheza.

Ticha wa chekechea:

Nimerudi. Mjomba wa Mtwapa umemaliza kazi yangu nusu, hiyo ya jina si cheti cha kuzaliwa ndo jibu la butterfly.

Mimi darasani nawaambia kuna maneno yenye bosi wa kweli na kuna maneno ya utani. Kama mtaani kuna kaka anaitwa Mzungu na ni mweusi tii, watoto hawashangai, wanajua ni jina la utani. Butterfly ni utani. Pineapple ni utani, hamna apple mle, zamani lilikuwa jina la lile koni la msonobari, walipoliona nanasi wakasema linafanana wakalibandika jina lile lile. Kwahiyo mleta uzi usibomoe siti yako ya nyuma, mwambie maneno mengi bosi yupo nyuma, machache ni majina ya mtaani, tunayaweka kwenye kopo lake. Mimi nina kopo kabisa la maziwa ya unga limeandikwa UTANI, wakikuta neno la kudanganya wanalitumbukiza. Uzuri wake wanaanza kuyawinda wenyewe.

Mama wa wawili, wa kwako mdogo hajaumwa, amepona. Mtoto akianza kukata carpet ujue ameshajua kwamba maneno yanakatika, amebakiza kujua yapi hayakatiki. Mpe jaribio: vipande vyote viwili vina kazi yoyote kwenye maana? Carpet ina gari? Haina. Ina pet? Haina. Basi halikatiki, ni kama barabara yetu, huwezi kusema ni bara na bara. Hapo hapo anaelewa maana hiyo anaijua kwa Kiswahili.

Kuhusu meno: yule wa mbele ni maelezo tu, Kiingereza kwa kawaida hakimhesabu. Ukitaka wingi unampa bosi, toothbrushes. Ndo maana hata duka la viatu mia bado ni shoe shop. Mkubwa wako alikuwa na mantiki yake lakini aliweka wingi kwenye siti isiyo yake.

Sasa niwaambie kitu kimoja mtacheka. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Jean Berko, mwaka 1958 alitoa utafiti aliofanya na watoto wadogo wa kama miaka 4 mpaka 7 huko Massachusetts, ulijulikana sana kwa sababu ya vikatuni vyake vya kutunga. Humo ndani aliwauliza pia kwanini kitu fulani kinaitwa hivi. Kwanini blackboard inaitwa blackboard? Kuna waliojibu kwasababu unaandikia. Hawakuona black wala board, waliona kazi yake. Breakfast mmoja akasema inaitwa hivyo kwasababu unaila fasta ukiwahi shule. Mwingine akasema Friday ni siku ya samaki wa kukaanga. Na hao Kiingereza ni lugha ya mama! Kwahiyo mnapomuona wa kwenu hajaona vipande ndani ya neno msimuite mzito, mtoto hata wa lugha yenyewe analichukua neno zima kama jiwe, mpaka mtu amuonyeshe lina ufa.

Mama wa wawili:

Hiyo ya breakfast imenigusa maana sisi ilitokea vizuri kabisa. Ramadhani iliyopita mkubwa alikuwa anajifunza kufunga nusu siku, saa sita namfungulisha na uji. Nikamwambia hii ndo breakfast, fast ni funga, break ni kuvunja, tunavunja funga. Akasema "kumbe na Kiswahili ni hivyo hivyo, kifungua kinywa, kinywa kilikuwa kimefungwa." Mimi mwenyewe sikuwa nimeunganisha. Tatizo likabaki kwenye kusoma, akawa anatamka breik-fasti vile ilivyoandikwa, ikabidi nimwambie neno likikaa sana pamoja linabanana, kama cupboard ambayo hata ile p hakuna anayeitamka.

Mleta uzi:

Na kabati letu si ndo hilo hilo cupboard liliingia Kiswahili likapewa irabu mwishoni. Leo nimejifunza zaidi ya dogo.

Ticha wa chekechea:

Ndo hilo hilo. Na hapo kwenye kutamka niongeze kidogo alafu niache maana nina vitabu vya kusahihisha. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho hata neno likiwa limeunganishwa, mwanaFUnzi, mjamZIto. Kiingereza maneno mengi ya hivi mkazo unaupiga mbele, BLACKboard. Ukisema black BOARD kwa kutenganisha umesema ubao wowote mweusi. Ubao wa darasani kwangu ni wa kijani na bado wengi tunauita blackboard, hakuna anayeshtuka. Usimfundishe mtoto hiyo nadharia, we tamka vizuri mbele yake mara nyingi, sikio lake litachukua.

Na jamani anzeni na Kiswahili. Mtoto akishagundua mwananchi ni mwana na nchi, tikiti maji ni tikiti, kipaza sauti kinapaza sauti, mjamzito ni mja mzito, hiyo kazi ya Kiingereza inakuwa nyepesi, unamwambia ni mchezo ule ule ila wamehama siti. Kuna wazazi wanakataza Kiswahili nyumbani eti mtoto ashike Kiingereza, mnamnyang'anya ngazi alafu mnamwambia apande.

Mchangiaji 1:

Hapo mwishoni ticha umenipata. Naondoa maneno yangu ya juu kidogo. Kidogo.

Mdau wa Minnesota:

Huku kwetu ni kinyume chake wakuu. Mabinti zangu wamezaliwa huku, Kiingereza ndo chao, Kiswahili wanakisikia kwangu na kwa bibi yao kwenye simu. Mdogo juzi anamwambia bibi anataka "maji tikiti". Bibi akadhani mtoto anaomba maji ya kunywa na tiketi ya kuja Bongo, akaanza kulia. Kwenye kitabu cha wanyama akamuita zebra "milia punda". Nlikuwa namsahihisha tu bila kujua kinachomsumbua ni nini, leo nimeelewa, bosi kamkalisha nyuma kwenye gari la Kiswahili. Nitamwambia ile ya dogo, bosi wa Kiswahili anaendesha mwenyewe.

Mchangiaji 4:

Haya swali la kweli sasa bila utani. Mbona mengine yameshikana na mengine yameachana? Toothbrush pamoja, ice cream mbali mbali, mother-in-law yana vistari. Mtoto anajuaje?

Ticha wa chekechea:

Hajui, na mimi sijui mpaka nilione limeandikwa. Hakuna kanuni ya kutegemea, mengine hata kamusi zenyewe hazikubaliani. Hapo ndo listi yako ya kukariri ina kazi, nakupa hiyo. Ila kwa mtoto wa miaka 6 usimpige kosa kwa kushikanisha au kuachanisha maneno, mpige kosa akikalisha bosi mbele. Na usimpe mengi, matano kwa wiki yanatosha, tena ya vitu anavyovishika kwa mkono. Kuna shule wanawapa starfish na snowman watoto ambao theluji hawajawahi kuiona, wakati bedsheet, bucket... samahani bucket haikatiki, naona na mimi nimeambukizwa. Bedsheet, toothpaste, handbag ya mama, hivyo vyote viko ndani.

Mjomba wa Mtwapa:

Starfish mwachie mwanangu jamani, yeye humwona kila maji yakitoka.

Ticha wa chekechea:

Haya huyo ana kibali.

Mleta uzi:

Wakuu narudisha mrejesho, imepita wiki na siku tatu. Kopo la UTANI limeanzishwa, mpaka sasa lina butterfly, pineapple na hamburger. Hiyo hamburger alitafuta ham ndani ya mkate hakuiona, nikamwambia jina limetokana na mji wa Hamburg huko Ujerumani, akasema basi ni utani na uongo. Homuweki ya juzi kapata saba kwa nane. Iliyomponza ni goalkeeper, kaandika keepergoal, nikamuuliza umesahau siti? Akasema hapana, golikipa ndo bosi wa goli kwahiyo akae mbele aone mpira. Sikuwa na cha kumjibu.

Ila kilichonifanya nirudi humu ni leo asubuhi. Jana usiku ulibaki wali, mama yake akaufunika. Dogo kaamka mapema kabla yetu, kasimama mlango wa chumba na sahani mkononi anasema "mama naomba yesterdayrice." Mama yake akasema naomba nini? "Yesterdayrice." Tukaangaliana, kumbe anataka kiporo. Hilo neno hakufundishwa na mtu, halipo kwenye kitabu chochote, kaliunda mwenyewe usingizini huko.

Nikamuuliza sasa hapo bosi nani?

"Rice," akasema, "ila alilala."